Dogo, usilifungue lote: kwa anayeanza kufufua trekta la bustani la zamani

Juzi dogo mmoja wa Kigoma, tunapiga naye shifti ya usiku kwenye ghala moja hapa Ohio, kanirushia picha WhatsApp. Wheel Horse, trekta la bustani jekundu la kizamani, limekaa juu ya treila ya kukodi, tairi ya mbele kushoto haina upepo, siti imetafunwa na panya, na yeye kasimama pembeni meno yote nje kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Chini kaandika "kaka nimelipata dola 150, naanzia wapi?" Nilikuwa nakula, nikaweka kijiko chini nikamwandikia neno moja tu kwa herufi kubwa, USIFUNGUE. Akajibu "nshafungua boneti tu kaka". Sawa, boneti haina neno. Ila mimi najua kinachofuataga baada ya boneti, ndo maana naandika hii, maana kumweleza kwa voisi noti nimejaribu nikafika voisi ya sita nikachoka.

Mimi langu ni Cub Cadet 102, katrekta kadogo ka miaka ya sitini, rangi njano na nyeupe, nimelinunua dola 250 kwa bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alilipaki kwenye banda na halikutoka tena. Wiki mbili baadae lilikuwa limebaki fremu tupu. Nilikuwa na mzuka bana, natoka kazini asubuhi badala ya kulala naingia gereji na spana nafungua tu, nafungua, kila bolti inayotoka naona kama ni maendeleo. Bolti zote nikatupia kwenye ndoo moja ya aiskrimu. Picha sikupiga, nikijiambia nitakumbuka, kwani ina mambo gani hii si silinda moja tu. Nikakaa miezi kumi na nne na ile ndoo. Miezi kumi na nne mke wangu anapaki gari kwenye baridi kwa sababu gereji imejaa mifupa ya trekta, na kila nikiiangalia ile ndoo nasikia usingizi. Kilichoniokoa ni kununua lingine bovu zaidi la aina hiyohiyo, dola 100, ili tu nione kitu gani kinakaa wapi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu na mwingine wote unaning'inia hapo: liwashe kwanza, litumie kwanza, ndo ulifungue, na ukilifungua fungua sehemu moja ukiimaliza uirudishe ndo uende nyingine.

Kwa wasiojua, trekta la bustani sio ile mashine ya kukatia nyasi ya kukalia unayoiona inauzwa madukani siku hizi. Ile ya sasa ina fremu ya bati na giaboksi nyepesi, ukiifungia jembe unaiua. Haya ya zamani yalitengenezwa na kampuni za matrekta ya shamba zikiwalenga watu waliokuwa wanahamia nje ya miji, wana nusu eka, wanataka kukata nyasi kiangazi, kulima kibustani na kusukuma theluji. International Harvester, hao hao wa matrekta ya shamba ya Farmall, walianza kuuza Cub Cadet mwaka 1961, zinaundwa Louisville, Kentucky, na mwaka 1981 wakaiuza kwa kampuni ya MTD. John Deere wakaja na 110 mwaka 1963. Wheel Horse walikuwa South Bend, Indiana. Ukilala chini ya Cub Cadet langu ukaangalia nyuma unakuta giaboksi ya chuma kizito hasa, ni ukoo mmoja na ile ya Farmall Cub, na katikati kuna shafti inatoka kwenye injini inaenda moja kwa moja mpaka giaboksi, hakuna mkanda wa kuendeshea. Mjomba wangu alikuwa fundi wa Massey 135 kule Makambako, siku namwonyesha kwenye video kol alikaa kimya kidogo halafu akasema "mbona hilo ni trekta kabisa, nlidhani unacheza".

Kununua sasa. Kwenye matangazo utakutana na sentensi moja ambayo kila muuzaji anayo, kwamba lilikuwa linawaka vizuri siku lilipopakiwa. Ndio, na marehemu wote walikuwa wazima siku moja kabla. Usibishane naye, wewe nenda na vitu vitatu tu, tochi, spana ya plagi na kitambaa cheupe. Toa plagi kisha zungusha injini kwa mkono kupitia flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini. Ikizunguka hata kwa kugoma umepona, isipozunguka kabisa shusha bei lakini usikimbie, nyingi zimeganda kutu kidogo tu kwenye ringi. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, upanguse kwenye kitambaa, unuse. Ikinuka petroli maana yake kabureta ilikuwa inavujisha ndani. Fungua mafuta ya giaboksi uyaangalie, yakiwa kama chai ya maziwa maji yaliingia, na hilo ni la kawaida sana, halijaua kitu isipokuwa kama maji yaliganda barafu ndani yakapasua. Halafu mulika bloku yote kutafuta ufa, hasa pale chini. Shika tairi la mbele tikisa, ekseli ya mbele itacheza kwenye pini yake, zote zinacheza, usitishike. Unachotakiwa kuogopa ni vitu vinavyokosekana. Boneti, grili, kifuniko cha bati cha injini, siti, levers. Injini unaweza kuinunulia kila kitu mpaka leo, ila kipande cha bati kilichopotea kinaweza kukutafutisha mwaka mzima.

Halafu kuna hili la spana ambalo sisi tuliotoka nyumbani linatupiga wote. Tumekulia kwenye Toyota, tunajua spana kumi, kumi na mbili, kumi na nne, mtoto wa gereji ukimwambia lete kumi na tatu anakuletea gizani. Trekta la Marekani la 1965 halijui hizo habari, kila kitu kule ni inchi. Utahitaji 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4, hizo nne zitakufanyia karibu kazi yote. Na mtego uko hapa, spana 13 inaingia kwenye bolti yenye kichwa cha nusu inchi, inaingia kabisa unajiona mjanja, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa bolti mpya itafungua. Kwa bolti yenye kutu ya miaka hamsini ile nafasi ndogo inatosha kula kona zote sita, na baada ya hapo unahangaika na plaizi na matusi. Nunua seti ya inchi ya mtumba, na chukua soketi zenye kona sita sio kumi na mbili.

Haya, limefika nyumbani. Kabla ya betri, kabla ya petroli, toa lile bati linalofunika silinda na feni. Injini hizi hazina rejeta, zinapozwa na upepo unaopigwa na flaiwili kupita kwenye mapezi ya silinda. Langu nilipotoa bati nikakuta kijiji. Panya walikuwa wamejaza nyasi kavu, vipande vya sponji ya siti, mbegu za alizeti zilizomenywa vizuri kabisa na soksi ya mtoto, moja, ya pinki. Yote hiyo imeshindiliwa kwenye mapezi upande wa nyuma ambao kwa nje huuoni. Ningeiwasha vile ingewaka, ningefurahi dakika ishirini, halafu injini ingepata moto mpaka ijikaange yenyewe. Vaa glavu na barakoa ukitoa mavi ya panya, usipulize na kompresa ukavuta ile vumbi, panya wa huku wengine wana magonjwa ya kweli.

Sasa injini. Nyingi ya hizi utakuta zina Kohler ya K-series, silinda moja, bloku ya chuma, K181 ni hosipawa 8, K241 ni 10, K301 ni 12, zinaendelea hivyo hadi K341 ya 16. Nazipenda kwa sababu hazina siri. Injini inataka moto, mafuta, mgandamizo, na hewa, tafuta kimoja kimoja.

Moto kwanza. Toa plagi, iunganishe na waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, zungusha. Kama hakuna cheche usikimbilie kununua koili. Kwenye ubavu wa bloku kuna kifuniko kidogo cha bati, ndani yake ndo kuna pointi, vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Hizi pointi zikikaa miaka bila kazi zinaota ukungu mwembamba wa kijivu ambao kwa macho unaona kama ziko safi. Mimi nilibadilisha koili, nikabadilisha kondensa, nikabadilisha waya, dola sitini zimekwenda, halafu mzee mmoja mzungu jirani yangu, mstaafu, akaja na kahawa yake mkononi akaniomba bizinesi kadi. Nikadhani anataka namba ya mtu. Akaichana kipande, akakichovya kwenye spiriti, akakipitisha katikati ya pointi mara mbili tatu kama mtu anayepiga meno mswaki, kipande kikatoka cheusi. Cheche ikaja ya bluu, nene. Hakusema neno, akanywa kahawa. Ukishasafisha, zungusha injini mpaka pointi zifunguke kabisa halafu weka fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya inchi 0.020, iingie kwa kukwaruza kidogo, kaza, upime tena maana ukikaza inahama. Plagi yenyewe weka 0.035. Kuna alama ya S kwenye flaiwili ya kusetia taimingi kwa usahihi zaidi, utaisoma kwenye manyuo, yaani kitabu cha maelekezo, ya Kohler, na hiyo manyuo pamoja na ile ya trekta lenyewe ziko mtandaoni bure, zipakue uzichapishe uzipake grisi kwa vidole vyako.

Kabureta usiiogope. Ifungue juu ya trei nyeupe, piga picha kila hatua, loweka, pulizia vitundu. Usichokonoe jeti na waya wa chuma, utaipanua na injini itakunywa petroli milele. Langu lilikuwa na kabureta ya Carter ya zamani, kuna mtu atakuambia tupa hiyo nunua ya Kichina dola ishirini, na mimi nilinunua, na ikawaka, ila haikutulia sailensa hata siku moja, nikairudisha Carter yenyewe baada ya kuiosha na kuweka gasketi mpya, skrubu kubwa ya mafuta nikaanzia kwa kuifungua raundi mbili kutoka ilipofunga, nikawa narekebisha kwa kusikiliza. Ya kizee imeshinda. Mpira wa mafuta badilisha wote bila kuuliza, petroli ya huku nyingi ina ethanoli asilimia 10, mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo, inalainika inakuwa kama ubani uliotafunwa na vipande vinaingia kwenye kabureta uliyoisafisha jana. Vituo vingine vinauza petroli isiyo na ethanoli, ghali kidogo, mimi ndo naweka hiyo hasa trekta likienda kulala. Na usiwashe kwa tenki la zamani siku ya kwanza. Ning'iniza kachupa kadogo kenye petroli safi juu ya injini, tenki utalishughulikia baadae.

Oili naomba unisikilize vizuri. Hizi Kohler hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kuna kaulimi kanachota oili na kuirusha huku na huku, basi, hiyo ndo mfumo mzima. Na konrodi yenyewe ni ya aluminiamu inakaa moja kwa moja kwenye krenki, hakuna beringi katikati. Oili ikipungua hadi kaulimi kasifike, una dakika chache kabla konrodi haijakatika na kutoboa bloku kutokea ndani, nimeliona tundu hilo, unaingiza ngumi. Mwaga ya zamani, weka SAE 30 mpya, na angalia dipstiki kila unapopanda. Kila unapopanda. Mimi naangalia hata nikiwa nimelizima kwenda kujibu simu.

Kama injini imeganda, mimina vijiko viwili vitatu vya mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye tundu la plagi, acha wiki, kila siku ukipita jaribu flaiwili kidogo mbele kidogo nyuma. Usipige pistoni na nyundo na kipande cha mbao kama nilivyoona kwenye video moja. Uvumilivu tu.

Siku ya kuwasha toa trekta nje, mtungi wa kuzimia moto karibu, watoto mbali, gia iko fri, na hakikisha kabla kwamba ufunguo ukiuzima unakata umeme kweli, kwa sababu injini inayokataa kuzima inatia hofu kuliko inayokataa kuwaka. Kwenye Cub Cadet za zamani stata na jenereta ni kitu kimoja, dude refu la duara limefungwa ubavuni na mkanda, linazungusha injini, na ikishawaka mkanda huohuo unalizungusha lenyewe linachaji betri. Ukilitoa au ukibadilisha reguleta lazima ulipolaizi, unagusisha waya kwa sekunde moja tu kati ya BAT na ile terminali ya jenereta kwenye reguleta, kinatoa kacheche basi. Usipofanya linaweza lisichaji, na wengi hapo ndo wanatupa jenereta nzima. Langu lilipowaka mara ya kwanza lilitoa moshi mweupe mpaka jirani wa pili akatoka nje na simu mkononi. Duk, duk, duk, polepole, sauti ya mashine ya kusaga ya kijijini. Mke wangu alitoka mlangoni akasema "ndo hiyo tu?" akarudi ndani.

Hapa ndo penye kishawishi. Limewaka, una furaha, unataka kulipiga rangi wikiendi inayofuata. Usipake. Lipande, kata nyasi nalo mwezi mzima likiwa na sura yake mbaya hivyohivyo, uwe na daftari. Langu liliniambia vitu ambavyo nisingevijua kamwe likiwa limelala vipande vipande. Kila nikiachia klachi linapiga "tak" halafu ndo linaondoka. Nikawaza giaboksi imekufa, usingizi ukakata. Nikaingia chini na tochi, mtu juu anaachia klachi taratibu injini imezimwa, mkono wangu unaizungusha shafti, nikaona inazunguka kidogo kabla haijashika. Kumbe mwisho wa nyuma wa ile shafti kuna kapini kamoja ka chuma kilichosokotwa, ka robo inchi, kanakaza shafti na giaboksi, na tundu lake lilishakuwa na umbo la yai kwa miaka yote hiyo ya kushtuka. Kapini ni pesa ya soda. Lile tundu ndo kazi, nililitoboa kidogo zaidi nikaweka pini nene. Mwezi ule pia nikajua usukani unacheza robo raundi kabla tairi hazijajibu, kwamba sili ya mbele ya injini inavuja, na kwamba gia ya tatu ukiipakia mzigo inaruka. Hiyo ndo orodha ya kazi. Sio "ukarabati kamili", ni vitu vinne.

Kuhusu kufungua injini yenyewe mpaka ndani, kama haitoi moshi wa bluu na ina nguvu, iache. Ila jua tu kwamba baadhi ya hizi K241 na wakubwa zake wana gia mbili ndogo ndani za kupunguza mtetemo, na zikichoka zikavunjika zinasagika humohumo na kuondoka na bloku. Wengi wakifungua injini wanazitoa moja kwa moja, itatetemeka zaidi kidogo basi. Na ukipima kompresheni ukapata namba ya chini usilie, zina kifaa cha kuachia mgandamizo wakati wa kuwasha ili stata isiteseke, kwa hiyo geji itakudanganya.

Ukianza kufungua sehemu, mifuko ya plastiki ya zipu na maka. Kila mfuko andika: "mabano ya stata, bolti 2 ndefu upande wa juu". Ukitoa kitu, rudishia bolti zake kwenye matundu yake kwa mkono kama inawezekana. Picha kabla ya kugusa, picha katikati, picha ya mbali na ya karibu.

Bolti inayogoma sio ya kushindana nayo. Niliwahi kuvunja bomba la ekzosi. Kwenye hizi Kohler bomba lina nyuzi, linaingia moja kwa moja kwenye bloku, na miaka hamsini ya joto inalichomelea humo. Nikachukua spana ya bomba, nikaichomekea paipu ya futi nne, nikavuta kwa hasira za mtu aliyenyimwa likizo. Likakatika sawasawa na bloku, mimi chali kwenye sakafu. Fundi mmoja wa mashine mjini akanitajia bei ya kulitoa ambayo ilizidi bei ya trekta. Mwisho nililitoa mwenyewe kwa jioni nne: msumeno wa chuma, ule wembe tu bila fremu, nikakata kutokea ndani ya kipande kilichobaki mikato miwili taratibu bila kugusa nyuzi za bloku, nikapasha moto pembeni kwa tochi ya gesi, nikagusisha mshumaa, nta ikanywewa kwenye nyuzi, nikakikunja kipande kwa ndani na patasi ndogo kikatoka kama ganda la karanga. Siku hizi natumia joto na nta tangu mwanzo, na bolti nazungusha kidogo kufungua kidogo kufunga, kama unambembeleza mtoto alale. Angalizo moja tu, kitu ulichokipulizia brek klina usikipashe moto wala kukichomelea, kuna zinazotoa gesi ya sumu kali.

Kutu ya vipande vidogo naiacha ijitoe yenyewe kwenye ndoo kwa umeme: maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri, hasi kwenye kipande changu, chanya kwenye nondo ya kutupa. Nje ya nyumba kwa sababu inatoa hidrojeni, na kamwe usitumie stenlesi upande wa chanya wala usiweke aluminiamu humo. Asubuhi unakuta kutu imekuwa tope jeusi unalifuta na brashi.

Rangi mwisho kabisa, na sio lazima. Rangi za kabla ya 1978 huku zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu gereji yenye mlango wa kuingilia ndani kwa watoto, lowanisha, vaa barakoa ya kweli sio ya kitambaa. Na kama ni mara yako ya kwanza usichanganye hadena kwenye rangi, inang'aa vizuri lakini mvuke wake unaharibu mapafu bila vifaa maalum. Enameli ya kawaida, praima nzuri, upake tabaka nyembamba. Mimi langu nimepaka boneti na rimu tu. Fenda nimeziacha na rangi yake iliyochakaa, pale alipokuwa anaweka mguu yule marehemu pamelika mpaka chuma kinaonekana, kushoto zaidi kuliko kulia, sikuona sababu ya kupafuta.

Spea ukizikosa subiri Agosti, kuna maonyesho Portland, Indiana, ya injini na matrekta ya zamani, watu wanamwaga vyuma kwenye majani ekari na ekari. Nenda na picha ya kipande unachotafuta na vipimo vyake, uwe na keshi, na uende na mtu wa kukuzuia. Mwaka juzi nilienda kutafuta grili nikarudi na injini mbili na jembe. Grili bado natafuta.

Dogo kanijibu tena leo asubuhi, kasema amesoma nusu ya haya nilivyomtumia, amenunua spana za inchi na amekuta kiota cha panya kweli. Jumamosi naenda kwake na fila geji yangu na bizinesi kadi. Nikikuta kuna kitu kingine zaidi ya boneti kiko chini, nageuza gari.